Kiko cha Babu na Chupa ya Vanishi

Viko vingi vya mbao ambavyo nimeonyeshwa hapa Nakuru vikiwa vimeharibika, havikuharibiwa na tumbaku wala na uzee. Viliharibiwa na mtu mwenye nia njema, kitambaa mkono huu, chupa ya vanishi mkono ule. Moshi huchukua miaka kukitia kiko weusi wa kudumu, lakini vanishi ya dukani hukimaliza kwa alasiri moja. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni wa kumzuia mtu, na mengine yote yanafuata hapo: usipake kitu chochote kabla ya kujua ni nini kilichopakwa tayari.

Huenda ukauliza ni nani siku hizi bado ana kiko. Pita nyumba za wazee Njoro, Molo, Subukia na Gilgil, uombe kufunguliwa kabati la vyombo vya wageni. Vingine viliachwa na walowezi waliouza mashamba yao miaka ya 1960, vikabaki kwa mpishi, dereva au nyapara. Vingine mzee alijinunulia mwenyewe alipopata mshahara wake wa kwanza wa maana, kwa kuwa zama hizo kiko kilikuwa heshima sawa na kofia na bakora. Wanaovivuta hadi leo ni wachache, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 imewaondoa hotelini, ofisini na stendi ya matatu. Sisemi mtu aanze. Nta, hata iwe safi kiasi gani, haipunguzi sumu ya tumbaku. Ninasema na yule ambaye kiko anacho tayari, awe anakivuta au amekirithi na anataka wajukuu wakikute.

Tuanze na mbao yenyewe. Kiko cha kizungu cha kawaida huchongwa kutoka kwa kivimbe kinachoota kwenye shina, usawa wa ardhi, cha mti uitwao Erica arborea. Wafanyabiashara wa viko huita mbao hiyo briari. Vivimbe hivyo huchimbwa nchi za kando ya bahari ya Mediterania, vikachemshwa kwa saa nyingi ili kutoa utomvu, kisha vikaachwa vikauke muda mrefu kabla ya kuchongwa. Ni mbao ngumu, inastahimili moto, na nyuzi zake hucheza kama ndimi za moto. Wengi hawajui kwamba mti huo huo unaota kwetu, huko juu Aberdare na Mlima Kenya, ambako baridi imeshinda misitu mirefu. Kabla hujanoa panga, kumbuka kwamba pande hizo ni mbuga na misitu ya hifadhi, na kwamba mti kuwa wa jina moja si hakika kwamba kivimbe chake kitafaa.

Mbao ya pili utakayokutana nayo hapa ni mzeituni wa mwituni, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu. Wachongaji wanaupenda kwa sababu ya michirizi yake ya kahawia na njano, na kwa uzito wake. Ukishikwa mara kwa mara hung'aa wenyewe, kwa kuwa una mafuta yake ya asili. Mutamaiyu hauhitaji rangi, na anayeupaka rangi nyekundu ya mninga anaupotezea hadhi.

Kisha kuna viko vya Arusha. Vina alama ya tembo na neno Kiko, na vilitengenezwa kwa madini meupe mepesi yaitwayo sepiolaiti, yaliyochimbwa bonde la Amboseli, upande wa Tanzania. Vingine ni vya mbao kwa nje na madini hayo kwa ndani. Vingine vimevikwa ngozi. Chako kikiwa kimeandikwa kwamba kimetengenezwa Tanganyika, basi jina hilo ni la kabla ya 1964, nawe ushike taratibu. Ukichungulia ndani ya bakuli ukaona ukuta mweupe au wa manjano kama jino la mzee, badala ya mbao, acha kisu mfukoni. Madini hayo hulainika yakilowa na hukwanguka kwa urahisi. Yafute kwa kitambaa kikavu, basi.

Sasa tuje kwenye mng'ao wa nje. Viko vya mbao huwa vimemalizwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni nta tupu juu ya rangi, na hii ndiyo ya viko vizuri. Ya pili ni shelaki, ambayo bado wapo mafundi wa samani hapa wanaoipaka kwa bonge la pamba. Ya tatu ni vanishi au laka ngumu, inayopulizwa kwa mashine kwenye viko vya bei nafuu.

Kuzitambua si kazi. Chagua mahali pasipoonekana, chini ya shingo, karibu na inapoingilia mrija. Sugua kwa ukucha wa kidole gumba kwa upole. Ukucha ukiacha alama ya ukungu ambayo inarudi kung'aa ukiipitishia kitambaa, hiyo ni nta. Kama hakuna alama, chukua kijiti cha pamba cha masikio, kitie tone dogo la spiriti, uguse hapo hapo. Panapokuwa na shelaki patanata ndani ya muda mfupi na pamba itabeba rangi ya chungwa au kahawia. Pasipotokea kitu, una vanishi ngumu mkononi. Fanya jaribio hili mara moja tu, mahali pamoja. Spiriti haichagui: rangi ya viko vingi iliyeyushwa kwa spiriti tangu kiwandani, na ikiguswa na spiriti tena inatoka.

Ukishajua, safisha vumbi. Hapa Nakuru vumbi si jambo la kupuuza. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkeno, ya Menengai na ndugu zake, na chembe zake zina ncha kali kama vioo vilivyosagwa. Januari hadi Machi, upepo unapovuma kabla ya masika, vumbi hilo huingia hata kwenye droo iliyofungwa. Upande wa ziwani linachanganyika na magadi. Mtu anayechukua kitambaa kikavu akakisugua kiko chenye vumbi la aina hiyo anakipiga msasa bila kujua, kisha anashangaa mng'ao umekwenda wapi.

Puliza kwanza. Kisha tumia brashi laini, ya kunyolea ndevu au ya kupakia rangi, na ufagie kufuata nyuzi za mbao. Kiko kilichochongwa kwa mikwaruzo ya urembo, kile chenye uso kama ganda la mti, kinahitaji brashi hiyo kuliko kitu kingine, kwa sababu vumbi hukaa kwenye mabonde yake na kitambaa hakifiki. Baada ya hapo ndipo utumie kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa mpaka hakidondoki. Usitumie sabuni ya unga. Sabuni ya unga na magadi ni jamaa moja, na shelaki huyeyuka kwenye magadi. Ikibidi utumie sabuni, tone moja la ile ya maji ya kuoshea vyombo, ndani ya bakuli zima la maji vuguvugu, latosha.

Kwa weusi wa ukingo wa juu wa bakuli, pale kiberiti kilipokuwa kikigusa, kuna dawa ambayo watu wataicheka: mate. Tia kidogo kwenye kitambaa cha pamba, sugua duara dogo, geuza kitambaa, rudia. Mate yana vimeng'enya vinavyovunja uchafu bila kula rangi. Watunzaji wa vitu vya kale wameyatumia muda mrefu, na watafiti watatu wa Ureno walioyapima kisayansi walitunukiwa Ig Nobel ya kemia mwaka 2018, ile tuzo inayowachekesha watu kwanza kisha ikawafikirisha. Weusi usiotoka kwa mate mara nyingi ni mbao iliyoungua. Huo uache. Ukiukwangua unabadilisha umbo la kiko, na umbo halirudi.

Wenye kukivuta wana kazi ya ndani pia, nami sitaki kuirefusha, ila ina uhusiano na nje kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya bakuli hujengeka tabaka la kaa. Tabaka hilo linailinda mbao isiungue, kwa hiyo halitolewi lote. Liache liwe nene kama sarafu ya shilingi, si zaidi, kwa kuwa kaa likipashwa moto hutanuka kushinda mbao, na kiko hupasuka. Likwangue polepole kwa kisu butu chenye ncha ya duara, ukizungusha. Wale wa sepiolaiti, nimeshasema: hakuna kukwangua wala kuacha kaa lijengeke.

Njia ya moshi husafishwa kwa vile vijiti vya waya vyenye manyoya ya pamba. Madukani kwetu havipatikani kirahisi kwa kazi hii, ila maduka ya vitabu huviuza kwa ajili ya sanaa za watoto wa chekechea. Nunua vyeupe tu. Vile vya rangi huchujuka, na hutaki kunyonya rangi ya kijani. Ukikosa kabisa, unyoya mrefu wa kuku uliooshwa na kukaushwa unafaa. Waya wa breki ya baiskeli, ambao nimeona ukitumika, hauna nafasi hapa, kwani unachimba mbao na kuuparua mrija.

Kuondoa harufu ya zamani unahitaji kileo kikali, na hapa watu hukosea pakubwa. Spiriti ya hospitali na ya fundi zimetiwa sumu makusudi ili zisinywewe. Usiweke sumu hiyo ndani ya chombo unachokitia mdomoni. Tumia vodka. Chang'aa usiiguse, maana hujui imepikwa na nini. Anayeona haya kununua robo ya vodka avumilie tu, na akumbuke kwamba sheria ya Mututho ya 2010, iliyopewa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, haimfungulii baa siku ya kazi kabla ya saa kumi na moja jioni. Jaza bakuli pamba, si chumvi kama wengine wanavyofundisha, kwa sababu chembe za chumvi hujificha kwenye shingo na kuvuta unyevu. Nyunyiza vodka kwenye pamba mpaka ilowe, uache usiku kucha, asubuhi utoe pamba ikiwa ya kahawia. Kiache kikauke siku mbili tatu.

Tatizo la nje huingia hapo. Tone moja la vodka likishuka pembeni mwa bakuli linaacha mchirizi mweupe, nao hautoki kwa kitambaa. Kabla ya kumimina, funga karatasi ya chooni kuzunguka ukingo wa nje, na utumie bomba la sindano lisilo na sindano badala ya kumimina kwa chupa. Mchirizi ukishatokea kwenye nta, nta mpya juu yake kwa kawaida huuficha. Kwenye shelaki, mwite mtu anayeijua kazi.

Mrija nao ni sehemu ya mng'ao, kwani hata kama bakuli linapendeza, mrija wa kijani utakichusha kiko chote. Mirija myeusi ya zamani ni ya eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu. Jua likiuchoma, salfa hutoka juu na mrija unageuka kijani au rangi ya matope, tena unanuka. Katika mwinuko wetu wa kama mita 1,850 jua ni kali kuliko linavyohisiwa, hasa kwa kuwa kuna ubaridi, na kiko kilichowekwa dirishani kama pambo hupatwa na hali hiyo mapema. Usiutie kwenye maji ya moto, utaukoleza ukijani. Utoe kwenye shingo kiko kikiwa baridi kabisa, kwa kuzungusha, wala si kuvuta. Kiko cha moto hushikana, na anayekivuta kwa nguvu hubaki na kipande cha mrija ndani ya shingo.

Ukijani mwepesi hutoka kwa dawa ya meno nyeupe ya kawaida na kitambaa chenye unyevu. Ukijani mzito hutaka msasa wa maji, kuanzia namba 800, kisha 1000, halafu 2000, kila hatua ukilowesha. Kama kuna nembo iliyochongwa kwenye mrija, kaa mbali nayo. Kipande cha selotepu juu yake kitakukumbusha.

Ukitaka kuona unga mwingine unaofanya kazi hiyo, nenda Kariandusi, karibu na Elementeita, penye eneo la mambo ya kale lililogunduliwa na Louis Leakey mwaka 1928. Jirani na shoka za mawe kuna machimbo ya udongo mweupe mwepesi kama unga wa ngano. Ni diatomaiti, magamba ya mimea midogo sana ya majini iliyokufa ziwa lilipokuwa kubwa kuliko sasa. Magamba hayo ni ya silika, magumu lakini madogo mno, na ndiyo maana hung'arisha bila kuacha mkwaruzo unaoonekana. Kama unao unga huo, uchuje kwa kitambaa cha nailoni, uuchanganye na maji mpaka uwe uji, na uutumie ukiwa umelowa daima, kwa sababu vumbi lake kavu ni baya kwa mapafu. Huu ni wa mrija tu. Kwenye mbao huingia vinyweleoni, ukikauka unabaki mweupe.

Kuna mirija ya akriliki pia, ambayo ni plastiki ngumu inayong'aa, mara nyingi yenye rangi mbalimbali. Hiyo haigeuki kijani. Adui yake ni kileo, kinachoitia nyufa ndogo ndogo ndani. Ioshe kwa maji vuguvugu na sabuni.

Sasa nta, ambayo ndiyo sababu ya makala haya. Watu wa Nakuru tumezungukwa na nta. Magharibi yetu kuna Mau, ambako Waogiek hutundika mizinga ya magogo juu ya miti tangu enzi ambazo hakuna aliyeandika. Kaskazini kuna Baringo, ambako asali ya Marigat na Koriema huuzwa kando ya barabara. Mzinga wa gogo, tofauti na wa kisasa wenye fremu, hutoa nta nyingi, kwa kuwa masega hukatwa na kukamuliwa kila mavuno. Muuzaji wa asali anaweza kukuuzia masega matupu kwa bei ndogo akishangaa unayatakia nini.

Kuyasafisha: osha masega kwa maji baridi yatoke asali. Yatie kwenye sufuria yenye maji, na sufuria hiyo uiweke ndani ya sufuria kubwa nayo ina maji, juu ya moto mdogo. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, inawaka kama petroli na maji hayaizimi, yanaitawanya. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo maji hayana haja ya kutokota. Chuja kwa kitambaa kizito, acha ipoe usiku. Asubuhi utakuta kipande cha njano kinaelea na uchafu umeganda chini yake. Ukwangue uchafu, yeyusha tena, chuja tena. Nta ya Mau mara nyingi hutoka ya njano iliyokolea na harufu ya moshi wa mwerezi, nami sioni sababu ya kuiondolea harufu hiyo.

Je, nta hii inafaa kiko? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema nta ni nta. Kwa kiko cha kuwekwa kabatini, inafaa kabisa. Kwa kiko kinachovutwa kila jioni ina upungufu, kwani bakuli likipata moto nta hulainika, kiko kinateleza mkononi na kubeba alama za vidole na vumbi. Viwanda hutumia nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, ambayo haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 80. Ukiipata, changanya sehemu moja ya kanauba na sehemu moja ya nta ya nyuki kwa njia ile ile ya sufuria mbili. Usipoipata, nta ya nyuki ipakwe nyembamba mno, mara nyingi zaidi. Wembamba ndio siri yote. Chukua kiasi cha punje ya mchele, uisugue kwenye kitambaa cha fulana kuukuu hadi isionekane, kisha upitishe kitambaa hicho kwenye kiko ukitumia joto la kiganja chako. Ngoja robo saa. Chukua kitambaa kingine safi, sugua haraka bila kukandamiza, mpaka kitambaa kiache kukwama na kianze kuteleza.

Mwendo huo wa mikono utauona bure kwa vijana wanaong'arisha viatu mjini, ule wa kuvuta kitambaa kilichonyooshwa kushoto na kulia mpaka kinalia. Mkono wao uige. Kopo lao liache. Rangi ya viatu ina vimumunyisho na rangi ya kuchafua vidole, na kiko chenye rangi ya viatu kikipata moto kinatoa harufu inayokwenda moja kwa moja puani mwa mvutaji. Vivyo hivyo nta ya magari, ambayo nyingi ina silikoni, na silikoni ikishaingia kwenye mbao hakuna shelaki wala nta itakayoshika vizuri tena. Mafuta ya kupikia huchacha. Ya nazi yanapendeza siku ya kwanza, lakini kwa ubaridi wa Molo yanaganda na kuwa ukoko. Mafuta ya taa sitayataja zaidi ya hapo.

Michubuko midogo hufichwa na nta, lakini kibonyeo, pale kiko kilipoanguka kwenye sakafu ya simenti, kinaweza kuinuliwa. Nyuzi za mbao zilizobonyea hazijakatika, zimelala tu, na mvuke huziamsha. Weka kipande cha pamba kilicholowa juu ya kibonyeo, pasha moto kisu cha mezani, ukiguse juu ya pamba kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Inua, tazama, rudia. Mvuke utaondoa mng'ao mahali hapo, nawe utarudisha kwa nta. Kwenye shelaki na vanishi usijaribu, patapauka. Wala kwenye shingo karibu na mrija, kwa maana mbao ni nyembamba.

Vipi kama kiko kimeshapigwa vanishi? Kama ni cha kabatini na vanishi haijaanza kubanduka, kiache. Naijua hamu ya kurekebisha, ila kila tabaka linalotolewa hutoka na rangi ya asili, wakati mwingine na alama ya mtengenezaji, na bila alama hiyo kiko ni kipande cha mbao chenye tundu. Kama kinavutwa, vanishi lazima itoke, kwa sababu kwenye joto huvimba malengelenge na kubanduka. Usitumie thina. Itazama ndani ya mbao. Tumia msasa wa maji namba 600, kwa mkono, kidogo kidogo, ukiikwepa alama, kisha 1000 na 2000, halafu nta. Ni kazi ya jioni kadhaa na redio.

Kuhusu pa kukiweka, mbao yetu huishi na misimu. Kiangazi mrija hulegea, masika hukaza. Ukikaza, usiukate wala kuupiga msasa, maana kiangazi kikirudi utalegea ubaki hivyo. Sugua ncha ya penseli kwenye sehemu inayoingia shingoni, unga wa penseli ni kilainishi kikavu kizuri kuliko mafuta yoyote. Weka kiko mbali na dirisha na mbali na jiko la makaa, juu ya kitambaa, si ndani ya mfuko wa plastiki, ambamo unyevu hunaswa ukaleta ukungu. Kinachovutwa kipumzishwe siku nzima kabla ya kuvutwa tena, kikiwa na kijiti cha pamba ndani ya mrija.

Nina ombi moja kwa wachongaji, wale wanaouza kando ya barabara kwenye mteremko wa bonde na wale wa hapa mjini. Viko vya ukumbusho vinavyochovywa vizima kwenye vanishi, ndani na nje, ni hatari. Mnunuzi hajui kama ni pambo, atakiwasha, na atavuta moshi wa vanishi. Acheni ndani ya bakuli na njia ya moshi mbao tupu, mpake nta nje tu, na kama kiko si cha kuvutwa, mwambieni mteja kabla hajalipa. Nawe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, nusa ndani ya bakuli. Ukisikia harufu ya vanishi, nunua kama pambo au usinunue.